Chupa Moja, Maradhi Matatu

Kama umekaa kibarazani Kidahwe unapunga upepo, kama uko Kibirizi unasubiri mitumbwi, au uko jikoni Ujiji unageuza migebuka kikaangoni, karibu tukae pamoja kwa muda. Mada yetu leo ni ngozi ya kichwa: mba, mapunye, nywele zinazopukutika, na ile chupa ya shampuu ya dawa ambayo watu wengi wanaiamini kupita uwezo wake.

Tuseme tuko duka la dawa pale njia panda ya Kidahwe, barabara ya kutoka Kigoma mjini inapogawanyika, moja ikapanda Kasulu na Kibondo, nyingine ikashika Uvinza. Anaingia mama wa makamo, kajifunga kitambaa kichwani.

"Shikamoo, mama," anasema muuzaji.

"Marahaba, mwanangu. Nipe ile shampuu ya fangasi. Kichwa kinaniwasha, na nikijikuna unadondoka unga mweupe mpaka mabegani."

Anapewa, analipa, anaondoka. Nyuma yake yuko baba kamshika mkono mwanawe wa miaka sita hivi. Mtoto ana mabaka mawili ya duara kichwani, nywele zimekatika, ngozi ina magamba ya kijivu. "Na mimi nipe hiyo hiyo aliyochukua mama," anasema baba. Anapewa. Wa tatu ni kijana wa bodaboda. Anavua helmeti, anaonyesha paji la uso ambalo limeanza kupanda juu. Kasikia kwa wenzake kwamba shampuu hiyo inaotesha nywele. Naye anapewa.

Wateja watatu, chupa aina moja. Yule mama, akiitumia vizuri, atapata nafuu. Yule mtoto hatapona. Na yule kijana atapata kidogo, au asipate kitu, na huenda akaligundua hilo akiwa chupa ya tano. Hakuna aliyemdanganya mwenzake pale kaunta. Kilichokosekana ni swali moja tu: kichwa hiki kinaumwa nini? Tunayaita yote fangasi, tunayapeleka yote kwenye chupa moja, na hapo ndipo fedha na muda vinapopotea. Kwa hiyo tuwafuate wateja wetu mmoja mmoja.

Tuanze na mama. Yeye ana mba, na mba si uchafu. Naomba hilo lieleweke, maana kuna watu wanaona aibu hata kuvua kofia mbele ya wageni. Mwaka 1874 daktari Mfaransa, Louis-Charles Malassez, alitazama magamba ya mba kwa hadubini akaona vimelea vidogo vya jamii ya hamira. Leo vimelea hivyo vinaitwa Malassezia, kwa jina lake. Vinaishi kwenye ngozi ya karibu kila mtu mzima, msafi na asiye msafi. Haviwezi kujitengenezea mafuta, kwa hiyo vinategemea mafuta yanayotoka kwenye ngozi yetu. Vinayavunjavunja, vinakula vinachotaka, na kuacha nyuma asidi iitwayo oleiki. Mwingine ngozi yake inaivumilia asidi hiyo na wala hajui kama ana wageni. Mwingine ngozi yake haiwezi: inachokozeka, inawasha, na inaanza kujimenya haraka kuliko kawaida. Huko kujimenya ndiko kunakoleta ule unga wa mabegani. Inakadiriwa kwamba karibu nusu ya watu wazima duniani wana mba, huyu kidogo, yule sana.

Hapa ndipo shampuu ya dawa inapostahili sifa zake. Dawa iliyomo ndani, ketokonazoli, ilitoka katika maabara za kampuni ya Janssen nchini Ubelgiji mwaka 1976. Utando wa seli ya fangasi umejengwa kwa kitu kiitwacho ergosteroli, ambacho seli za binadamu hazikitumii. Ketokonazoli inazuia fangasi kukitengeneza. Utando unakuwa na kasoro, unavuja, na fangasi anashindwa kuongezeka. Ndiyo maana dawa inamgonga yeye na kuiacha ngozi yako salama. Zipo pia shampuu za seleniamu salfaidi na za zinki pirithioni, ambazo kwa mba nazo zinafanya kazi.

Lakini dawa nzuri ikitumiwa vibaya inageuka sabuni ya bei ghali. Wengi wanaimwaga juu ya nywele, wanasugua nusu dakika, wanasuuza, halafu wanasema haifanyi kazi. Msikilizaji, ugonjwa uko kwenye ngozi. Lowesha kichwa, gawanya nywele kwa mistari, pitisha dawa kwenye ngozi yenyewe, sugua kwa ncha za vidole na wala si kwa kucha. Kisha acha povu likae dakika 3 hadi 5. Huna saa? Washa redio: wimbo mmoja uanze na uishe, ndipo usuuze. Fanya hivyo mara 2 kwa wiki kwa muda wa wiki 2 hadi 4. Hali ikitulia, mara moja kila wiki au kila baada ya wiki 2 inatosha kuzuia isirudi. Nasema kuzuia kwa sababu vimelea hivi ni wakazi wa kudumu. Tunawapunguza tu, hatuwahamishi. Mba kurudi baada ya miezi si dalili kwamba uliuziwa dawa feki.

Nywele zetu za kujikunja zina tabia yake: hukauka upesi, na nywele kavu hukatika. Madaktari wa ngozi wa Marekani huwashauri watu weusi kutumia shampuu za mba mara moja tu kwa wiki. Kwa hiyo mwenye nywele ndefu, au aliyeweka dawa ya kulainisha, au aliyepaka rangi, aende mara moja kwa wiki, na baada ya kusuuza apake kondishina kwenye nywele, kuanzia katikati hadi ncha. Aliyenyoa fupi anaweza kwenda mara 2 bila wasiwasi. Aliyesuka rasta afahamu kwamba dawa isiyofika kwenye ngozi haitibu kitu: ama afumue kwanza, ama aipitishe katikati ya mistari kwa chupa yenye mdomo mwembamba, na asuuze mpaka povu liishe kabisa. Na kila mtu, awe wa kilemba, wa hijabu au wa wigi, akaushe kichwa kabla ya kukifunika.

Sasa tufike kwenye jambo la hapa kwetu. Mtu wa Kigoma akisema kichwa kinakauka na kinatoa unga, jibu la kwanza ni mise. Mafuta haya tunayajua vizuri: kokwa ya chikichi inagongwa, kiini kinakaangwa mpaka kitoe mafuta ya kahawia iliyokoza, yenye harufu ya moshi inayobaki kwenye mto wa kulalia mpaka kesho yake. Kwa nywele zenyewe si mafuta mabaya. Yanazipaka, yanazizuia zisikauke, na nywele isiyokauka haikatiki ovyo. Ndipo yalipopata sifa ya kukuza nywele.

Ila ngozi yenye mba ni habari nyingine. Karibu nusu ya mafuta ya mise ni asidi ya lauriki, na ndani yake imo pia ile ile asidi ya oleiki niliyoitaja, ambayo ndiyo inayoichokoza ngozi. Ukiyamwaga kwenye ngozi inayowasha, unawaandalia wale vimelea chakula cha jioni. Kinachotupoteza ni kwamba siku ya kwanza unaona nafuu. Unga hauonekani tena, kwa sababu mafuta yameugandisha kwenye ngozi. Siku ya tatu unarudi ukiwa tabaka nene la njano. Ushauri wangu hauna ugomvi na wanaokamua mise: yapake kwenye nywele, si kwenye ngozi ya kichwa, na katika wiki za matibabu uyapumzishe kabisa. Hata sabuni ya kipande, hasa ile ya magadi, ipumzishe kichwani. Ngozi ya kichwa hupenda uasidi kidogo, kiasi cha pH 5.5, na sabuni hizo ziko juu sana, 9 au 10. Zinaitoa ngozi kwenye hali yake.

Kabla sijamwacha mama, neno moja la tahadhari. Mba unaoshuka kutoka kichwani ukashika nyusi, pembeni mwa pua, nyuma ya masikio na kifuani, ukawa mkali na haukubali dawa, huonekana mara nyingi zaidi kwa watu ambao kinga yao imeshuka. Kila mwenye mba asijitie hofu. Lakini ukiwa wa namna hiyo, nenda kapime na VVU. Kipimo ni bure, na majibu yoyote utakayopata yatakusaidia kuliko kubahatisha.

Twende kwa mtoto. Hapa ningeomba wazazi mpunguze kelele nyumbani mnisikilize. Mtoto ambaye hajabalehe, kichwa kina magamba na nywele zinakatika kwa mabaka, huyo ana mapunye mpaka mhudumu wa afya aseme vinginevyo. Mba ni ugonjwa wa wanaobalehe na kuendelea, kwa sababu tezi za mafuta za ngozi huamka wakati huo. Mapunye ni ya watoto, kwa sababu mafuta hayo hayo ya utu uzima humzuia fangasi wa mapunye asistawi. Kinachomlisha fangasi mmoja kinamfukuza mwingine. Basi hata kabla ya kutazama kichwa, umri wa mgonjwa umeshakwambia nusu ya jibu.

Fangasi wa mapunye halishwi na mafuta. Anakula keratini, yaani ile malighafi ambayo nywele na kucha zimetengenezwa nayo. Aina inayosumbua sana Afrika Mashariki, Trichophyton violaceum, haikai juu ya nywele. Inaingia ndani ya unywele wenyewe na kuujaza mbegu zake, mpaka unywele unakatika pale pale unapotokea kwenye ngozi. Mchukue mtoto umkalishe kwenye mwanga wa jua, umtazame kwa karibu. Ndani ya lile baka utaona vidoa vidogo vyeusi. Hivyo vidoa ni vishina vya nywele zilizokatika, na ndani ya kila kishina mna fangasi.

Sasa jiulize, povu la shampuu linalokaa juu kwa dakika 5 litafikaje ndani ya shina la unywele chini ya ngozi? Halifiki. Linaosha mbegu za juu, magamba yanapungua, baba anafurahi kwamba mwanawe kapona. Baada ya wiki chache mabaka yanarudi, na kwa kuwa mtoto alikuwa anacheza na kulala na wenzake, sasa wako watatu. Kisa ni hicho hicho kwa mafuta ya Whitfield na malai za kupaka. Kwa choa la mwilini zinafaa, kwa mapunye ya kichwani hazifiki.

Dawa ya mapunye ni ya kumeza. Inayotumika siku nyingi ni griseofulvini, iliyotolewa kwenye kuvu wa jamii ya Penicillium mwaka 1939 na kuanza kutibu watu mwaka 1958. Ili uone thamani yake, kumbuka yaliyokuwako kabla yake. Kuanzia mwaka 1904, kwa njia iliyowekwa na daktari Raymond Sabouraud wa Paris, watoto wenye mapunye walipigwa mionzi ya eksirei kichwani ili nywele zote zidondoke pamoja na fangasi. Katika nchi kadhaa njia hiyo iliendelea zaidi ya nusu karne, na wengi wa watoto hao walipokuwa watu wazima wakaonekana kuwa na hatari kubwa zaidi ya uvimbe wa ubongo na saratani ya tezi ya shingoni. Leo ugonjwa uliotibiwa kwa mionzi unatibiwa kwa vidonge. Itakuwa ajabu tuviache vidonge kwa sababu ya shampuu.

Vidonge hivyo vina masharti mawili ambayo wazazi hukwama nayo. La kwanza ni muda: wiki 6 hadi 8, kila siku. Wiki ya tatu nywele zinaanza kuota, mama anasema yatosha, anaviweka vilivyobaki kwenye kopo la akiba. Hapo ugonjwa unarudi. La pili ni chakula: griseofulvini hufyonzwa vizuri pamoja na chakula chenye mafuta. Hapa Kigoma tumebarikiwa. Ugali kwa dagaa waliokaangwa kwa mawese, au maharage yaliyoungwa kwa mawese, ndiyo saa ya kumpa mtoto kidonge chake. Kipimo kinakwenda kwa uzito, kwa hiyo mtoto apelekwe zahanati apimwe. Usikate kidonge kwa kukisia. Ipo pia dawa ya terbinafini, na mhudumu ndiye ataamua ipi inamfaa.

Je, shampuu haina kazi kabisa kwa mtoto? Inayo, tena muhimu, ila ni ya msaidizi. Mtoto anayemeza vidonge aoshwe nayo mara 2 kwa wiki, ili mbegu zilizo juu ya nywele zisiwafikie wengine. Na ndugu zake wanaolala naye kitanda kimoja, wanaochangia kitana, waoshwe pia kwa wiki 2 hadi 4, hata kama vichwa vyao vinaonekana safi, kwa sababu mtu anaweza kubeba mbegu bila dalili. Mtoto akishaanza matibabu aende shule. Hakuna sababu ya kumfungia ndani miezi miwili akose masomo.

Kuna hali moja ya mapunye ambayo inaponza watoto. Mwili wa mtoto unapambana na fangasi kwa nguvu, kichwani pananyanyuka uvimbe laini unaobonyea, unatoa usaha, tezi za shingoni zinavimba. Mtu akiona anasema jipu, anatafuta wembe. Tafadhali, usipasue. Hilo si jipu la kukamua, ni mapunye yaliyowaka. Likicheleweshwa au likichezewa linaacha kovu, na juu ya kovu nywele hazioti tena maisha yote. Siku hiyo hiyo mpeleke kituo cha afya, au hospitali ya Maweni kama uko karibu na mjini. Na wale wanaosugua mapunye kwa mafuta ya taa au kitunguu saumu kibichi kilichopondwa, mnamuunguza mtoto. Kitunguu saumu kibichi kikikaa kwenye ngozi kinatoa malengelenge kweli kweli.

Mapunye yanasambaaje? Tutazame meza ya kinyozi. Kuna mashine moja, brashi moja ya kufagia shingo, kitana, taulo moja begani, na chupa ya spiriti. Angalia spiriti hiyo inakwenda wapi. Mara nyingi inapakwa kwenye kichwa cha mteja aliyekwisha nyolewa, anakunja uso, anasema ahsante. Meno ya mashine, yaliyotoka kwenye kichwa cha mtu wa kabla yake na yanayokwenda kwenye kichwa kinachofuata, hayakuguswa. Na ile brashi haijaoshwa tangu inunuliwe. Ndugu vinyozi, sisi tunawategemea. Kati ya mteja na mteja, pukuteni kwanza nywele zote kwenye mashine, ndipo mfute meno kwa spiriti. Brashi na vitana vioshwe kwa sabuni, kisha vilowekwe dakika 10 kwenye jiki, sehemu 1 ya jiki kwa sehemu 9 za maji. Mtoto mwenye mabaka anyolewe mwisho, au aletwe na mashine yake. Na wewe mzazi usione haya kuuliza, kichwa ni cha mwanao. Nyumbani na madrasa ni vivyo hivyo: barakashia moja isizunguke vichwa vitano.

Sasa kijana wetu wa bodaboda, ambaye kavumilia muda mrefu. Yeye anataka nywele. Je, alichosikia ni uongo mtupu? La. Mwaka 1998 watafiti wa Liège, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya wanaume wachache wenye upara wa kurithi waliotumia shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2 kwa muda mrefu. Waliona nywele zimeongezeka unene na wingi, kiasi cha kukaribiana na waliotumia minoksidili. Habari hiyo imesafiri dunia nzima, na kila inapopita inaongezewa chumvi. Wale watu walikuwa wachache mno. Tafiti zilizofuata ni ndogo pia, na ingawa zinatia moyo, hazijafikia mahali pa kuifanya shampuu hii dawa ya upara. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha minoksidili ya kupaka kwa upara wa wanaume mwaka 1988, na finasteridi ya kumeza mwaka 1997. Ketokonazoli haijaidhinishwa kwa kazi hiyo hadi leo.

Upara wa kurithi unatokana na homoni ya kiume iitwayo dihidrotestosteroni, inayovisinyaza vishina vya nywele kwa wale waliozaliwa navyo vikiwa na wepesi wa kuathirika nayo. Fangasi hawahusiki. Ila ngozi ya kichwa yenye mba na kuwashwa inaweza kuongeza upukutikaji, na mtu mwenye upara akitibu mba wake huenda akaona nywele chache zikisalimika. Kwa hiyo, kijana wangu, kama una mba, shampuu inakufaa kwa mba. Kama huna, hiyo fedha ya mafuta ya pikipiki usiimwage bafuni. Shampuu ya fangasi ni dawa ya ngozi, si mbolea ya nywele.

Na wanaopoteza nywele si wanaume peke yao. Mama aliyejifungua, nywele zikianza kutoka kwa mafungu mwezi wa tatu au wa nne, hana fangasi na hajatupiwa kitu. Ni nywele zilizosubiri wakati wa ujauzito, sasa zinatoka pamoja, na ndani ya mwaka kwa kawaida zinarudi. Hali kama hiyo huja miezi 2 au 3 baada ya homa kali, malaria ikiwamo, na upungufu wa damu nao hupunguza nywele. Binti ambaye nywele za kando ya paji na juu ya masikio zimerudi nyuma, atazame msuko kwanza. Utafiti wa mwaka 2007 wa Profesa Nonhlanhla Khumalo na wenzake huko Cape Town ulikuta karibu theluthi moja ya wanawake watu wazima waliochunguzwa wana upotevu wa nywele unaotokana na kuvutwa. Msuko ukikuuma usiku ushindwe kulala, ukatoa vipele kwenye mzizi, huo unang'oa. Mwambie msusi alegeze, na pumzika kati ya msuko na msuko, hasa kama nywele zimewekwa dawa. Kuanza mapema kunaokoa, ila vishina vikishafanya kovu hakuna chupa itakayovirudisha. Na ukiona duara laini lisilo na gamba, ngozi inang'aa, hilo pia si fangasi. Mara nyingi ni kinga ya mwili inayoshambulia nywele, na kazi hiyo ni ya daktari.

Yapo mambo mawili ya hatari niyaseme waziwazi. Kwanza, vidonge vya ketokonazoli si ndugu wa shampuu kwa usalama. Shampuu haiingii mwilini kwa kiwango cha maana, lakini vidonge vinaweza kuharibu ini. Julai 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilipendekeza vidonge hivyo visitishwe, na mwezi huo huo ile ya Marekani ikasema visiwe chaguo la kwanza kwa fangasi wa aina yoyote. Asikuambie mtu umeze ili shampuu ifanye kazi haraka. Pili, malai za mchanganyiko zenye steroidi. Ukizipaka kwenye mapunye, kuwasha kunatulia na wekundu unaisha, kwa sababu steroidi imeuzima mwili usipigane. Fangasi anaendelea kwa amani yake, na mhudumu akija kutazama, sura ya ugonjwa imeshabadilika.

Na unaponunua, soma chupa. Shampuu yenye ketokonazoli ni dawa, na dawa nchini husajiliwa na TMDA, mamlaka iliyokuwa ikiitwa TFDA mpaka 2019. Tafuta jina la dawa, kiwango chake cha asilimia, na tarehe ya kuisha muda. Chupa iliyoandikwa kwamba inaua fangasi bila kutaja dawa iliyomo ina maneno matamu tu.

Wanaosema wataalamu wa ngozi hawapo kwetu, wana haki ya kulalamika, maana madaktari bingwa wa ngozi nchini ni wachache. Lakini tangu mwaka 1992 kiko kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi Moshi, katika hospitali ya KCMC, kilichoanzishwa kwa sababu hiyo hasa: kuwafundisha matabibu na wauguzi wa mikoani kutibu ngozi pale watu walipo. Na kipimo cha mapunye hakihitaji mashine ya mamilioni. Kinahitaji nywele chache zilizong'olewa, tone la potasiamu haidroksaidi na hadubini. Uliza kituoni kwako kama kinafanyika.

Msikilizaji, kesho ukisimama kwenye kaunta ya duka la dawa, usianze na jina la shampuu. Anza na umri wa mgonjwa. Sema kama kuna unga au hakuna, kama nywele zimekatika kwa mabaka au zinapungua kichwa kizima, kama kuna usaha, na imeanza lini. Nawe muuzaji, mteja akisahau, muulize. Ikiwa ni mtu mzima mwenye mba, mpe chupa na umwambie habari ya dakika 3 hadi 5. Ikiwa ni mtoto, mwelekeze zahanati kwanza, chupa itafuata. Ikiwa ni upara, mwambie ukweli na umwachie fedha yake mfukoni. Atarudi kununua kwako kitu kingine, kwa sababu siku ya kwanza hukumdanganya.